Maji ndiyo yaliyoziba bomba

Tulikuwa tumebakiza kama theluthi moja ya slabu bomba lilipogoma. Ilikuwa Oktoba, saa saba mchana, saiti ya ghorofa mbili upande wa Mtumba, na upepo wa Dodoma ulikuwa unatupulizia vumbi jekundu hadi kwenye meno. Magari mawili ya zege yalikuwa kwenye foleni getini, ngoma zinazunguka. Rimoti ya pampu nilikuwa nimeishika mimi. Nilikuwa na miaka miwili kwenye kazi ile na nilidhani najua.

Zege la gari la tatu lilifika limekaza. Lilichelewa njiani, likasubiri getini, na jua likalifanyia kazi yake. Pampu ikaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima na gia kubwa. Geji ya presha ikapanda. Msimamizi akaja mbio, helmeti mkononi badala ya kichwani.

"Kijana, zege zito hilo, huoni? Weka maji!"

Kibarua mmoja akaingiza mpira wa maji kwenye hopa, lile bakuli la pampu linalopokea zege. Sikumzuia. Kusema kweli, nilisogea kumpisha.

Kwa dakika mbili tulijiona wajanja. Geji ilishuka, mpira wa mbele ukatema zege laini linalong'aa, na vijana wa vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, wakapiga mluzi. Kisha mpira ukaanza kutoa majimaji ya kijivu. Baadaye ukakohoa hewa, mwisho ukanyamaza. Huku nyuma mabomba yakawa yanaruka kila pistoni ilipopiga, geji ikagonga juu kabisa, mashine ikajizima.

Fundi wetu mkubwa wa pampu alikuwa mzee mmoja Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache, anayetembea na nyundo ndogo mfukoni kama wengine wanavyotembea na simu. Hakumgombeza mtu. Alianza kutembea kando ya laini ya mabomba, anagonga, anaweka kiganja juu ya bomba, anasikiliza, anasonga mbele. Kwenye elbo ya pili, yaani kona ya bomba, akasimama.

"Rudisha," akaniambia.

"Nimesharudisha mara mbili, mzee."

"Rudisha tena, mwanangu. Bomba lenye presha halifunguliwi."

Nikairudisha pampu kinyumenyume mpaka mabomba yakatulia. Akafungua klampu mwenyewe, amesimama kando, uso ameugeuzia pembeni. Kilichokuwa ndani ya ile elbo sijakisahau. Hakikumwagika. Kilikaa pale pale kama ukuta: kokoto tupu, zimebanana, na zimeoshwa. Simenti huioni. Ni kokoto za itale, lile jiwe la milima yetu hii ambalo mafundi wanaliita granaiti, na chembe zake nyeupe na nyeusi zilikuwa zinameta kana kwamba mtu alizisugua mtoni. Mzee akachokonoa moja kwa bisibisi, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa karibu kavu.

"Maji yako yako wapi?" akaniuliza.

Maji yalikuwa yametangulia. Yalipita katikati ya kokoto, yakachukua simenti, yakatoka mbele kama yale majimaji ya kijivu tuliyoyaona, na kokoto yakaziacha nyuma kwenye kona. Kila mita moja ya bomba la milimita 125 inabeba lita 12 na kidogo za zege, karibu kilo 30. Sisi tulikuwa na mita 40 za bomba. Piga hesabu mwenyewe: tani moja na ushei, ikaze humo ndani jua la saa saba. Tulifungua bomba moja baada ya jingine, tukapiga, tukasukuma kwa nondo, na mabomba mawili tuliyatupa. Ile slabu ikabaki na kiungo baridi katikati, pale zege jipya linapokutana na lililokwisha kukaza, na siku ya tatu injinia mshauri akaagiza kipande kivunjwe. Nani alikatwa hela nani hakukatwa, hayo tuyaache. Maji niliyaruhusu mimi.

Lakini swali la mzee lilinikaa kichwani. Nimekua nikijua kwamba kitu kikiwa kizito unakiongezea maji kinakwenda. Uji, rangi, tope la kukandika nyumba, vyote ndivyo vilivyo. Kwa nini zege likatae?

Nadhani shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema kitu ni kizito, tumemaliza. Mfuko wa simenti ni mzito, uji ni mzito, asali ni nzito, zege ni zito. Mfuko tuuache, hapo tunazungumzia kilo. Lakini hata uji, asali na zege si wazito kwa namna moja, na pale saitini tofauti hiyo ina bei.

Chukua asali, ile nzuri ya Manyoni na Itigi wanayouza kwenye chupa za konyagi barabarani. Ukidumbukiza kokoto ndani yake itazama. Itazama polepole, lakini chini itafika. Ukiinamisha chupa, asali itatoka, hata kama ni kwa uvivu. Asali haikatai kusogea, inachelewa tu. Sasa chukua dawa ya meno. Fungua tyubu, igeuze kichwa chini: haidondoki. Haichelewi huyo, amekataa. Lazima ubonyeze, na ukibonyeza kidogo mno bado inakataa, mpaka ufike kiasi fulani ndipo inakubali ghafla. Tomato sosi ya kwa muuza chipsi ni hivyo hivyo, ndiyo maana inakwama kwenye chupa halafu inamwagika yote kwenye sahani.

Kuna kizingiti. Chini ya kizingiti kile kitu kinafanya kama kigumu, juu yake kinafanya kama kimiminika. Mkemia Mmarekani, Eugene Bingham, alilieleza jambo hili mwaka 1916 baada ya kupima matope ya udongo yanavyopita kwenye mirija myembamba. Vimiminika vya aina hii vinaitwa kwa jina lake mpaka leo, na taaluma nzima ya mitiririko ya vitu vikaidi, rheolojia, ikapata chama chake Marekani mwaka 1929. Zege ni la ukoo wa Bingham. Ndiyo maana ukilitoa kwenye koni ya slampu, ile ya bati yenye urefu wa milimita 300 ya kupimia ulaini wa zege, linashuka kidogo halafu linasimama. Asali ingeshuka mpaka iwe chapati. Zege linashuka mpaka uzito wake wenyewe ushindwe kukivuka kizingiti, hapo linatulia. Fundi anayepima slampu anapima kizingiti, hata kama hajawahi kuliita hivyo.

(Mlenda wetu nimeuacha nje kwa makusudi. Mlenda hauko kwa asali wala kwa dawa ya meno, wenyewe unavutika, unakufuata na tonge mpaka mdomoni. Huo unahitaji makala yake, na mwandishi wake awe Mgogo.)

Sasa tia kokoto kwenye hicho kitu chenye kizingiti. Jiwe linataka kuzama kwa sababu ni zito kuliko tope linalolizunguka. Ili lizame, lazima tope livunjike, lilipishe. Tope likikataa, jiwe linabaki limening'inia hewani humo ndani. Kinachoshangaza ni jinsi kizingiti kinachotakiwa kilivyo kidogo. Kokoto ya milimita 20 kwenye mchanganyiko mzuri wa simenti na mchanga inashikiliwa na kizingiti cha kama paskali 5. Paskali 5 ni sawa na uzito wa tabaka la maji lenye unene wa nusu milimita. Unyevu wa kitambaa tu, na umelibeba jiwe.

Ukiondoa kizingiti hicho, mambo yanageuka upesi. Stokes, Mwairishi aliyefundisha Cambridge, alitoa mwaka 1851 kanuni ya jinsi punje inavyozama kwenye kimiminika cha kawaida, na kanuni hiyo inasema kasi inakwenda kwa mraba wa kipenyo. Maana yake, kwenye tope lile lile zito, kokoto ya milimita 20 itataka kuzama mara 400 zaidi ya punje ya mchanga ya milimita 1. Kwa hiyo zege likipoteza nguvu ya kushikilia, vitu havizami pamoja. Kokoto zinatangulia chini, mchanga unafuata, simenti na maji vinabaki juu vinaelea. Kitu kimoja kinagawanyika kuwa vitu vitatu.

Mpaka hapo ni zege lililotulia. Ndani ya bomba linatembea, na hapo ndipo penye utamu.

Pampu inasukuma uso wote wa zege, yaani duara zima. Kinachozuia ni ukuta wa bomba, yaani mzingo wa duara tu. Ukichukua kipande cha katikati kabisa, chembamba kama kidole, nguvu ya kukikata kutoka kwa wenzake ni ndogo mno. Ukiongeza unene wa kipande nguvu ile inaongezeka, na inakuwa kubwa kuliko zote pale ukutani. Kwa hiyo kizingiti kinavunjwa ukutani kwanza, na katikati hakivunjwi kabisa. Zege halitiririki kama maji ya mto, ambapo katikati inakimbia na kingo zinachelewa. Linasafiri kama gogo. Sehemu kubwa ya zege ndani ya bomba haijui hata kama inasafiri, kokoto zimekaa na majirani zao wale wale kutoka hopa hadi mwisho. Mwendo wote unafanyika kwenye ngozi ya milimita chache kando ya ukuta, uji wa simenti na mchanga mwembamba, na gogo linateleza juu yake. Mwendo wenyewe si wa kutisha: ukisukuma mita za ujazo 30 kwa saa kwenye bomba la milimita 125, gogo linatembea kama sentimita 68 kwa sekunde, mwendo wa mtu aliyetoka kula.

Ndiyo maana kabla ya zege tunatanguliza uji wa simenti, mzito kuliko niru, unapita kwenye bomba lote na kulipaka. Zamani nilidhani ni desturi tu, kama kumwaga maji kizingitini. Bila ule uji, zege la kwanza ndilo linalolipa: linaacha simenti yake kwenye kuta kavu za bomba, na likifika mita ya ishirini limebaki kokoto.

Kuna jambo moja kuhusu ngozi ile ambalo lilinichukua muda kulielewa. Tope likishavunjwa, halina kizingiti tena kwa upande wowote. Kokoto iliyo ndani ya gogo imeshikiliwa, lakini iliyo kwenye ngozi, ambako tope linakatwa kila wakati kwenda mbele, inaweza kuzama kana kwamba kizingiti hakijawahi kuwepo. Tope lililokwisha kushindwa kuelekea mbele haliwezi kukataa kushindwa kuelekea chini. Kila fundi wa vaibreta anajua hili kwa mikono yake: ukiiacha vaibreta sehemu moja, zege lililokuwa limekaa vizuri linageuka supu, kokoto zinakwenda chini na uji unapanda juu. Hakuongeza hata tone la maji. Ametikisa tu, kizingiti kikavunjika.

Ndiyo maana bomba refu la tope zito linaweza kudanganya. Rafiki yangu anafanya kazi kwenye kinu cha kuchenjulia dhahabu upande wa Iramba, wilaya iliyochimbwa dhahabu Sekenke tangu enzi za Wajerumani. Kwake yeye mchanga unasafirishwa na maji, na kanuni yake ni moja: kimbia. Kwa bomba la inchi nne na mchanga wa kawaida, mwendo ukishuka chini ya kama mita 2 kwa sekunde, mchanga unaanza kulala chini ya bomba. Msukosuko wa maji ndio unaomnyanyulia mchanga wake. Mimi na zege langu nakwenda theluthi ya mwendo huo na hakuna msukosuko wowote, nategemea gogo linishikie mawe. Tukikaa wawili kwenye nyama choma tunabishana nani ana kazi ngumu. Mbaya kuliko zote, nadhani, ni ya yule aliye katikati yetu: tope zito kiasi kwamba halina msukosuko, lakini si zito vya kutosha kubeba jiwe. Pale hakuna anayekunyanyulia mawe. Na pale ndipo sisi tulipolipeleka zege letu kwa mpira wa maji.

Basi nirudi kwenye elbo.

Tulipotia maji, kizingiti cha uji kilishuka. Geji ikashuka kweli, msimamizi hakuwa mwongo. Lakini kokoto zikaachiwa. Kwenye elbo gogo linalazimika kupinda, kokoto za nje zinagonga ukuta, za ndani zinachelewa. Zikagusana. Zilipogusana, uji mwepesi ukapata njia katikati yake, na presha iliyokuwa inasukuma zege zima sasa ikawa inasukuma maji kupita kwenye matundu. Unakuwa umetengeneza chujio ndani ya bomba lako mwenyewe. Kila pistoni inapopiga, uji unatoka mbele, kokoto zinabaki, na zinazokuja nyuma zinajipanga.

Halafu unafanya lile ambalo kila mtu angefanya: unaongeza presha.

Mwaka 1895 mhandisi Mjerumani, Janssen, alipima uzito wa nafaka kwenye vihenge virefu, akakuta kwamba sakafu ya kihenge haibebi nafaka yote. Ukijaza zaidi ya urefu fulani, uzito wa sakafuni hauongezeki tena. Kuta ndizo zinazobeba, kwa sababu punje zikibanwa kutoka juu zinasukuma pembeni, na zikisukuma pembeni zinashikwa na msuguano wa ukuta. Aliyewahi kuchokonoa mahindi yaliyogoma kutoka kwenye kihenge anajua kwamba kule juu kumejaa na huku chini ni wazi, punje zimejifanyia daraja. Sasa laza kihenge kile, badala ya mahindi weka kokoto zenye kona, na badala ya uzito weka pampu ya maelfu ya kilo kwa kila kiganja cha eneo. Kadiri unavyosukuma kwa nyuma ndivyo zinavyobana kwa pembeni. Bomba la maji lililoziba unaweza kulishinda kwa presha, lakini kokoto zilizokaukiana ukizipa presha unazipa silaha. Njia ni moja, kurudisha nyuma, daraja liachie. Mzee hakuwahi kumsikia Janssen. Alisema tu: "Mlango uliofungwa na mtu aliyeegemea ndani, usiusukume. Mwambie asogee."

Tabia ya punje kusukuma pembeni haihitaji hata uzito. Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa gari na baadaye akageuka mtu wa mchanga, alichapisha mwaka 1954 majaribio ya vidonge vya nta ndani ya kimiminika chenye uzito sawa navyo, visizame wala kuelea. Alivikoroga kati ya mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine, na vikasukuma kuta kwa nguvu iliyoongezeka kadiri alivyozungusha. Punje zikiwa nyingi na zikilazimishwa kupitana, zinataka nafasi, na zisipopewa zinaidai.

Na kwenye zege ni nyingi. Mchanga na kokoto kwa pamoja vinachukua kati ya asilimia 60 na 75 ya ujazo. Einstein, huyu huyu wa nadharia zile, aliwahi kukokotoa mwaka 1906 punje chache zinavyoongeza uzito wa kimiminika. Akakosea hesabu, akaisahihisha mwaka 1911 baada ya majaribio ya wenzake kukataa kukubaliana naye: kila asilimia 1 ya punje inaongeza ugumu kwa asilimia 2.5. Hiyo ni kwa punje chache zisizojuana. Sisi tuko mbali sana na hapo, kokoto zetu ni kama abiria wa daladala ya Majengo saa kumi na mbili jioni, hakuna asiyemkanyaga mwenzake. Hata hivyo napenda kuwakumbusha vijana wa saitini kwamba hata Einstein alirudia hesabu ya uji.

Jibu la zege lililokaza, basi, si maji. Kuna dawa, ile kemikali ya kulainisha, ambayo inatenganisha punje za simenti zilizong'ang'aniana ili maji yaliyomo yafanye kazi. Nayo ikizidi inaua kizingiti vile vile, kwa hiyo inapimwa, haimwagwi. Kuna kukataa gari, jambo gumu kuliko yote kwa sababu anayekataa ni kijana na anayeleta ni tajiri. Na kuna mchanga. Huu mchanga wetu wa makorongo ni mzuri kwa macho, umeoshwa na mvua za Desemba hadi Aprili, punje kubwa safi. Kwa pampu usafi huo ni balaa, vumbi laini limekwenda na maji, na vumbi laini ndilo linaloziba matundu kati ya kokoto ili uji usikimbie. Siku hizi naomba waniongezee vumbi la kokoto kidogo kutoka kwenye krasha, mashine ya kuvunjia mawe. Wananiangalia kama mtu anayeomba mchele wenye mawe.

Mwaka jana nikaamua kuliona jambo hili kwa macho, maana bomba la chuma halionyeshi. Nilimwazima fundi jirani mpira wake wa levo, ule wa kupimia usawa kwa maji, unaoonekana ndani, kipenyo cha ndani kama milimita 12. Nikapika wanga wa muhogo mpaka ukawa uji unaopitisha mwanga. Nikatia choroko mbichi, nikaujaza kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, mdomo wa chupa nikaufunga kwenye mpira kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakamua kwa mikono miwili. Mpira niliuzungusha kwenye mguu wa stuli ili nipate kona.

Choroko zikapita. Lakini jinsi zilivyopita! Katikati zilikwenda kwa mstari, kimya, kila moja na jirani yake, na kando ya plastiki palibaki ngozi nyembamba isiyo na choroko hata moja. Gogo lile lile nililokuwa nimelisoma. Nilipoacha kukamua zikasimama hewani. Nikazima taa nikalala, na alfajiri nilizikuta pale pale. Nilipoanza tena kukamua polepole, polepole mno, zile za pembeni zikaanza kuteremka moja moja kwenye tumbo la mpira huku zikisonga mbele, na za katikati hazina habari.

Kisha nikajaribu kunde. Kunde moja ni kama milimita 7 au 8. Haikufika hata kwenye mguu wa stuli, kunde tatu zilijibana mdomoni mwa mpira zikafunga duka. Kanuni ya saitini inasema bomba lisiwe chini ya mara tatu ya jiwe kubwa kuliko yote. Choroko ya milimita 4 mara tatu ni 12, ndiyo ilikuwa imepita kwa taabu ya kisheria.

Mwisho nikafanya dhambi ile ile. Nikatia kikombe cha maji kwenye uji, nikakoroga, nikakamua. Ikawa rahisi mno, mkono haukuhisi kitu. Uji ukakimbia, choroko zikalala chini ya mpira, zikavingirika mpaka kwenye mguu wa stuli, zikasimama. Moja, tano, ishirini. Nyuma yake pakajaa. Mbele ya kona palitoka maji meupe matupu. Nikabana chupa kwa nguvu zangu zote na choroko hazikusogea hata unywele, chupa ndiyo iliyopasuka.

"Choroko zile zilikuwa za kesho," mama watoto akasema akiwa mlangoni, amejifunga kanga, ameshika ufagio. Hakuuliza ninachofanya. Alishaniona siku ya kunde.

Nikafuta sakafu, mpira nikautundika uani kwenye msumari, nikijiambia nitauosha kesho. Kesho yake tulikuwa na kazi Ihumwa, tulianza kumwaga saa kumi alfajiri kukwepa jua, na keshokutwa yake nyingine Nzuguni. Siku ya nne fundi jirani akaja kudai mpira wake, ana msingi wa kupima. Nikaushusha kwenye msumari, unanuka uchachu wa wanga, na ile kona iliyoziba bado imejaa vile vile. Akauinua kwenye mwanga akautazama muda mrefu.

"Jirani," akasema, "humu ndani kumeota."